Sarafu Yenye Tundu: Uhakiki wa Ukusanyaji wa Fedha za Kale

Lugha ya Kiswahili hutumia neno moja, fedha, kwa mambo mawili: madini meupe yafuliwayo kuwa vikuku na mikufu, na mali ya kununulia na kuuzia. Neno hilo tumelipokea kutoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni yale madini. Neno pesa lilitufikia kwa njia ya bahari kutoka Bara Hindi. Neno hela, ambalo vijana wengi hudhani limezaliwa mitaani juzi, ni jina la Heller, sarafu ndogo ya Wajerumani iliyoanza kutolewa nchini mwaka 1904. Serikali iliyoitoa iliondoka zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na sarafu yenyewe haimnunulii mtu hata kiberiti. Lakini jina lake lingali vinywani mwetu kila siku.

Maneno, basi, tumeyahifadhi bila ya kuagizwa na mtu. Sarafu zenyewe je? Nyingine zimeyeyushwa na masonara, nyingine zimeuzwa kwa wapita njia, nyingine zimelala katika masanduku ya wazee, na nyingine zimo makabatini mwa watu wanaozikusanya kwa mapenzi yao. Makala haya yanawahusu hasa hao wa mwisho, pamoja na walimu na wanafunzi wanaofikiria kuwafuata. Nia yangu ni kuchunguza kipimo wanachokitumia wanaposema kwamba sarafu hii ni nzuri na ile ni mbovu. Kipimo hicho tumekiazima kutoka katika masoko ya ng'ambo, nami naona kinatufanya tukitupe kile hasa ambacho taifa lilipaswa kukiweka.

Njia iliyoleta fedha Kilosa

Wilaya ya Kilosa, pamoja na Mikumi iliyo kusini yake, ni mahali pafaapo kwa uchunguzi huo, kwa kuwa kila msukosuko mkubwa wa nchi yetu katika zama za ukoloni ulipita hapo au karibu na hapo. Bonde la mto Mkondoa lilikuwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Mpwapwa, Tabora na Ujiji. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alizunguka Usagara na nchi jirani akikusanya ile mikataba ya hila iliyowapa Wajerumani kisingizio cha kuitwaa nchi. Mwaka 1889, wakati wa vita vya Abushiri bin Salim, moto uliowashwa pwani ulifika bara, na kituo cha Wajerumani cha Mpwapwa kikashambuliwa. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilivyoanza Umatumbi vilienea hadi milima ya Uvidunda, jirani na Mikumi. Reli ya Kati iliyofika Morogoro mwaka 1907 ilipita Kilosa kwenda Tabora, na mwezi Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yakaingia Kilosa yakiwafukuza Wajerumani.

Msomaji asidhani kwamba fedha ilitembea nchini kwa wingi tangu zamani. Katika zama za misafara, mali iliyojulikana bara ilikuwa nguo za merikani na kaniki, shanga, na waya wa shaba. Reale ya fedha ilikuwa kitu cha pwani, na ilipofika bara ilifika kwa uchache mikononi mwa wafanya biashara na wapagazi. Kilichoifanya fedha iingie katika kila nyumba ni kodi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na kwa nyumba za vijijini ilikuwa kwa kawaida rupia 3. Mwanzoni iliwezekana kuilipa kwa mazao au kwa kazi. Baadaye ikadaiwa fedha taslimu. Rupia moja ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo sehemu 917 zilikuwa fedha safi. Rupia 3, basi, ni gramu 35 hivi, ambazo mtu angeweza kuzificha katika kiganja kimoja. Kwa ajili ya gramu hizo mkulima aliacha shamba lake akaenda kulima la mwingine, au akauza mtama ambao watoto wake wangeula wakati wa njaa.

Kwa hiyo mtu anaposhika rupia ya mwaka 1898 iliyotoka kijiji cha Kilosa, hakushika pambo tu. Ameshika hati ya wakati ambao uhuru wa watu ulihesabiwa kwa vipande vya fedha.

Sarafu isomwavyo

Mhakiki wa ushairi huanza kwa kuuliza: nani asema, asema na nani, na asema nini? Maswali hayo hayo yafaa tuiulize sarafu, maana sarafu nayo ni maandishi. Ina umbo, ina picha, ina maneno machache yaliyochaguliwa kwa makini, na ina mwandishi mwenye nguvu za dola.

Tuanze na reale iliyo mashuhuri kuliko zote, ile yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na fedha safi ni sehemu tano katika sita. Imeandikwa mwaka 1780. Mwanafunzi ataruka kwa furaha akidhani ameokota kitu cha karne ya 18, lakini ajihadhari. Malkia huyo alifariki mwaka huo wa 1780, na kwa kuwa wafanya biashara wa Bahari ya Shamu na Afrika ya Mashariki walizoea sura yake wakaikataa nyingine, sarafu hiyo iliendelea kutengenezwa kwa tarehe ile ile moja katika karne ya 19 na ya 20, si Vienna peke yake bali hata Roma, London na Bombay. Mwaka uliomo usoni mwake, basi, hauthibitishi umri wake.

Wazee wetu hawakuwa na haja na mwaka huo. Wao walizipa reale majina kwa macho yao wenyewe. Hii ya Maria Theresa waliiita reale ya Sham. Ile ya Wahispania, yenye picha ya nguzo mbili, waliiita reale ya mzinga, kwa kuwa waliziona nguzo hizo kuwa ni mizinga. Huo nao ni uhakiki. Mfalme wa Hispania alikusudia nguzo zimtukuze. Mswahili akatazama, akaona silaha. Sidhani kwamba alikosea sana.

Sasa tuitazame rupia ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, iliyotolewa kwa miaka mbalimbali kati ya 1890 na 1902. Upande mmoja yumo Kaisari Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na jina lake limeandikwa kwa Kilatini. Upande wa pili yumo simba, na nyuma yake mti wa jamii ya minazi, pamoja na jina la Kampuni kwa Kijerumani. Mtu wa Mikumi ataitambua picha hiyo kabla ya mtu wa Berlin, maana jina la Mikumi lenyewe limetokana na mikumi, miti mirefu ya jamii hiyo hiyo iotayo katika mbuga zake, na simba wa mbuga hizo wanajulikana dunia nzima.

Lakini mhakiki hatosheki na uzuri wa picha. Mambo mawili yanamkera. La kwanza ni kwamba Kampuni hiyo ilishindwa kuitawala nchi. Iliikodi pwani kutoka kwa Sultani mwaka 1888, na katika mwaka huo huo Abushiri, Bwana Heri na wenzao wakaitikisa hata serikali ya Ujerumani ikalazimika kuleta jeshi. Tangu tarehe 1 Januari 1891 utawala ukawa wa serikali hiyo wenyewe. Kampuni ilibakiwa na haki ya kutoa sarafu, na kwa muda wa miaka zaidi ya kumi ikaendelea kuandika jina lake juu ya fedha ya nchi isiyoitawala. Anayesoma sarafu bila ya kujua vita atadhani Kampuni ilistawi. Anayejua vita ataona jivuno la mtu aliyeanguka.

Jambo la pili ni zito zaidi. Katika sarafu hiyo yumo mfalme, yumo mnyama, umo mti. Mwenye nchi hayumo. Wala lugha yake haimo. Pesa ndogo za shaba za Kampuni ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu upande mmoja, na kwa herufi hizo ndizo Waswahili walioandika walivyoandika wakati huo. Rupia ya fedha haikupewa hata hizo. Basi katika senti ya sokoni mwenyeji alisemeshwa kidogo. Katika fedha ya kodi alidaiwa tu. Serikali ya Ujerumani ilipotwaa kazi ya kutoa sarafu, ikagawa rupia kuwa hela 100 badala ya pesa 64, na katika rupia mpya zilizoanza mwaka 1904 hata simba aliondolewa, mahali pake pakaandikwa thamani na mwaka.

Vita vya 1914 vikaleta somo jingine. Njia za bahari zilipofungwa, fedha haikuletwa tena, na ile iliyokuwapo ikatoweka kwa kuwa kila aliyekuwa nayo aliificha. Wajerumani wakachapa noti za muda zilizodharauliwa na wengi; zile za mwisho, za mwaka 1917, zilipigwa kwa herufi za mihuri ya mpira. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikawa kiwanda cha sarafu: hela 20 za shaba nyekundu na za shaba ya manjano, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye picha ya tembo. Leo rupia hizo za tembo zatafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima kwa bei kubwa. Fedha nyeupe ya wananchi ilikuwa chini ya sakafu na ndani ya vibuyu.

Na waliozificha walikuwa na hesabu kamili. Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilileta florini na kisha shilingi, na rupia ikapewa kiwango cha shilingi 2. Rupia ile ilikuwa na fedha safi gramu 10.7 hivi. Shilingi mpya ilikuwa na uzito wa gramu 7.78, lakini fedha safi ilikuwa robo tu, yaani gramu 1.9 hivi, shilingi 2 ni gramu 3.9. Dukani thamani ni moja, katika mizani ya sonara fedha imepungua zaidi ya nusu. Bibi kizee aliyekataa kuibadili rupia yake hakuwa mshamba. Aliijua fedha kuliko karani.

Kosa la kipimo

Hapa ndipo nafika penye hoja yangu. Katika masoko ya wakusanyaji, sarafu husifiwa kwa mambo matatu: iwe haba, iwe na sura isiyochakaa, na isiwe na dosari. Iliyotobolewa tundu huitwa imeharibika. Iliyotiwa lehemu ili ishikwe na mkufu huitwa imeharibika. Iliyosuguliwa na vidole vya vizazi vitatu hata kofia ya Kaisari ikawa haionekani, nayo huitwa imeharibika. Bei yake hushuka ikawa karibu sawa na ya madini, na kitu cha bei ya madini mwisho wake ni chungu cha sonara.

Kwa soko, hukumu hiyo ni halali. Kwa utamaduni wa taifa, ni hukumu ya kinyume. Sarafu isiyochakaa ni ile isiyotumiwa na mtu. Ilitoka kiwandani Ulaya, ikakaa katika sanduku la benki au la afisa, ikarudi Ulaya. Yatuambia habari za mchongaji na za Kaisari. Sarafu yenye tundu yatuambia habari za watu wetu: kwamba mtu aliipata fedha ya kodi, akaiponyesha isitwaliwe, akaitoboa, akamvisha mtoto au bibi arusi. Nimesema kwamba katika rupia ya Kampuni mwenye nchi hayumo. Sasa nasahihisha: yumo, pale penye tundu. Tundu hilo ndilo neno la pekee aliloliandika mwananchi juu ya sarafu ya mtawala wake. Na aghalabu aliitoboa karibu na ukingo, fedha ikaning'inia kwa namna aliyoichagua mvaaji, pengine kichwa cha Kaisari kikatazama chini.

Nimejaribu kulisema jambo hilo kwa ubeti mmoja:

Usiseme imeliwa, sarafu yenye tundule,
Uliza ilivaliwa, na nani siku za kale,
Kodi ilivyodaiwa, na njaa za zama zile,
Mizani ikitumiwa, haipimi neno lile.

Haki yataka niwape wakusanyaji sifa wanayostahili. Bila wao sarafu nyingi zingekwisha yeyushwa. Wao ndio walioorodhesha miaka, alama za viwanda na uzito, na bila orodha hizo nisingeweza kuandika nusu ya makala haya. Tena sarafu safi yahitajika ili tujue ile iliyochakaa ilikuwaje. Sisemi, basi, tutupe safi tuweke zenye matundu. Nasema kwamba kipimo cha usafi peke yake hakitoshi, na kwamba mkusanyaji aliyeitwaa sarafu akaiacha habari yake ameitwaa nusu, na nusu aliyoiacha haitapatikana kwa bei yoyote mwenye habari akishakufa.

Wala tusivuke mpaka upande wa pili kwa kubuni. Si kila tundu ni la bibi arusi. Huenda sarafu ilikuwa kifungo cha nguo; huenda ilitobolewa nchi nyingine kabla ya kufika kwetu. Mhakiki mwema huuliza, na asipopata jibu huandika kwamba hakupata.

Wajibu wa shule

Mikumi ni njia panda. Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1964, barabara ya Ifakara huchepuka hapo, na mji huo umeungana na Kilosa kwa barabara na kwa tawi la reli. Mahali pa namna hiyo kitu kidogo chenye thamani huondoka upesi: asubuhi kimo katika sanduku la mzee, jioni kimo mfukoni mwa msafiri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliuchukua mwaka 1863 kuwa mpaka wa vitu vya kale vinavyolindwa kwa umri wao, na rupia zote za Wajerumani zimetengenezwa baada ya mwaka huo. Ulinzi wake wa kwanza, basi, ni elimu ya wenye nazo.

Shule ya sekondari yaweza kuifanya kazi hiyo pasipo kununua sarafu hata moja. Sarafu na ibaki kwa mwenyewe. Mwanafunzi aende kwa mzee wake, atoe shikamoo, aombe kuonyeshwa. Aweke karatasi nyembamba juu ya sarafu na kuisugua taratibu kwa penseli, picha itatokea. Mwenyewe akiridhia, ipimwe kwa mizani ya maabara: gramu 28 na kidogo huenda ni reale ya Sham, gramu 11.66 au pungufu kidogo ni rupia, gramu 7.8 hivi ni shilingi ya Bodi. Isisuguliwe kwa limau, majivu wala mchanga, maana usuguzi huo hula maandishi. Ikiwa imechimbuliwa ardhini, mahali pale paachwe kama palivyo na afisa utamaduni wa wilaya apewe habari, kwa sababu udongo nao una ushahidi wake.

Kisha mwanafunzi aandike majibu ya maswali haya: Nani alikuwa nayo kwanza? Aliipataje, kwa kazi, kwa mazao au kwa mahari? Nani aliitoboa, na kwa nini? Ilifichwa wapi wakati wa vita? Na hapa nawakumbusha walimu wa Kilosa jambo wanalolijua. Miongoni mwa Wakaguru na Wasagara, ukoo hufuatwa upande wa mama. Anayemwuliza baba peke yake huenda akaambiwa kwa ukweli kabisa kwamba hajui. Na amwulize bibi, amwulize mjomba. Huenda habari ya sarafu ilipita upande huo.

Daftari la majibu hayo likiwekwa katika maktaba ya shule, na nakala yake ikapelekwa Makumbusho ya Taifa, litakuwa hazina ambayo hakuna mnada wa Ulaya uwezao kuiuza.

Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilipotoa sarafu zake za kwanza, shilingi ilichorwa mkono ulioshika mwenge, na maneno yake yakawa ya Kiswahili. Haikuwa na fedha hata chembe. Ilikuwa ya shaba na nikeli. Kwa sonara haikuwa na maana. Lakini mtoto wa darasa la kwanza aliweza kuisoma jina la nchi yake na thamani yake kwa lugha aliyoizungumza. Sarafu hizo nazo zimekwisha kuwa za kale, na wako vijana ambao hawajapata kuishika hata moja. Mwalimu anayetaka kuanza na aanze na hizo, awaulize wazazi wa wanafunzi wake, kabla ya kuitafuta reale ya malkia.